Askofu wa Ndani ya Kopo

Katika chumba changu hapa Bunia, kando ya rafu ya vitabu vya shule, pana kabati dogo la mbao lenye mlango wa kioo. Mgeni aingiapo kwangu mara ya kwanza hudhani kwamba humo nimeweka vikombe vya chai. Akisogea karibu hucheka. Ndani ya kabati wamesimama watu wadogo wa plastiki: mmoja ana joho, mwingine amejifunika uso, wa tatu amechorwa buibui kifuani. Chini yao yamelazwa magazeti ya katuni yaliyochakaa, fulana mbili za mtoto zenye picha za mashujaa hao hao, na magari matatu ya waya. “Mwalimu,” mgeni huniuliza, “una watoto wangapi?” Nikimjibu kwamba vitu hivi si vya watoto bali ni vyangu mwenyewe, kicheko hukoma, naye hunitazama kama mtu amtazamavyo mgonjwa wa homa.

Mimi ni mtu mzima, nimepita miaka thelathini na mitano, nina mke na watoto, tena nina madaftari mengi ya kusahihisha kila jioni. Wala sioni haya kusema kwamba nakusanya vitu vya kuchezea vya zamani. Lakini iko haya nyingine inayohusu vitu hivyo, nami nimeificha muda mrefu. Leo nataka kuieleza, kwa kuwa nadhani wazazi na walimu wenzangu watapata neno ndani yake.

Robota la Mama

Mama yangu alikuwa akiuza nguo kuukuu katika soko la Bunia. Nguo hizo zilitoka Ulaya na Marekani, zikashuka pwani, zikapita Kampala, zikavuka mpaka, na kufika kwetu zimebanwa sana katika marobota. Siku ya kufungua robota ilikuwa sikukuu kwetu watoto. Mama alikata kamba kwa kisu, nguo zikafura kama unga uliotiwa hamira, na sisi tukapewa kazi ya kupekua mifuko. Sheria ilikuwa moja: fedha ikionekana ni ya Mama, kitu kingine chochote ni cha aliyekiona. Tuliokota vifungo, tikiti za treni za miji tusiyoijua, na mara moja ufunguo wa nyumba ambayo hatutaiona kamwe.

Mwaka 1995, nilipokuwa na umri wa miaka sita, nilitia mkono katika mfuko wa koti la mtoto nikagusa kitu kigumu. Nilipokitoa, kumbe ni mtu wa plastiki, urefu wake kama kidole. Alivaa nguo ya buluu iliyombana mwili, viatu virefu vyekundu, na mgongoni joho jekundu. Katika mji wetu tulimjua mtu mmoja tu aliyevaa joho la namna hiyo, naye ni Askofu ajapo kutoa Kipaimara. Basi, bila mashauri marefu, tukampa jina: Askofu. Tulishangaa kidogo kwamba Askofu huyu alivaa kaptula nyekundu juu ya suruali yake, lakini yaya yangu mkubwa, ambaye alikuwa mtumikiaji altareni na kwa hiyo alijua mambo, alisema kwamba labda ndiyo desturi ya Roma.

Askofu akafanya kazi nyingi kuliko askofu yeyote. Alisafiri katika gari la waya kutoka mlangoni hata kwenye mfereji, ambao ndio ulikuwa mto wetu Shari. Aliamua ugomvi wa vifuniko vya soda. Alizikwa mara tatu na kufufuka mara tatu. Usiku alilala katika kopo la maziwa ya unga pamoja na hazina zangu nyingine: gololi nne, filimbi isiyolia, na picha ya Mwenye Heri Anuarite niliyozawadiwa shuleni kwa kujua masomo yangu.

Siku moja Baba alimwona, akamwinua kwenye mwanga, akacheka mpaka akaketi chini. “Mwanangu,” akasema, “huyu si Askofu. Huyu ni Superman.” Ndipo nilipojua kwamba Baba naye alikuwa na utoto wake. Katika miaka ya 1970 alisoma shule Kisangani, na huko yeye na wenzake walikopeshana vijitabu vya picha vilivyotoka Ufaransa: Blek, Akim, Zembla. Tena kulikuwa na gazeti la kwetu wenyewe, Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1968 na Achille Ngoie pamoja na Freddy Mulongo. Humo watoto wa Kongo walimwona shujaa wao Apolosa, aliyezungumza Kifaransa kilichochanganywa na lugha ya mitaani ya Kinshasa. Baadaye gazeti hilo liliitwa Kake, yaani radi kwa Kilingala. Baba alikuwa ameweka nakala zake kwenye sanduku chini ya kitanda, na alipolifungua baada ya miaka, mchwa walikuwa wamemtangulia. “Walisoma yote,” akasema, “hata tarehe hawakubakiza.” Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona akilitazama lile kopo langu kwa namna ya mtu anayekumbuka kitu.

Njia ya Beni

Mwezi wa Mei mwaka 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka Bunia, vikosi vyenye silaha vilipigania mji. Maelfu ya watu walikimbia, wengi kwa miguu, kwa njia ya Komanda kuelekea Beni. Nasi tulikuwa miongoni mwao. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama aligawa mizigo usiku ule: yeye sufuria na unga, yaya yangu mablanketi, mimi mfuko wa maharagwe pamoja na chumvi. Dada yetu mdogo, mwenye miaka minne, alikuwa mzigo wa sisi sote kwa zamu.

Nami, mvulana wa miaka kumi na minne, nilifanya hivi: nilitoa chumvi mfukoni, nikaiacha nyuma ya mlango, na mahali pake nikatia kopo langu.

Jioni ya siku ya kwanza Mama alipika maharagwe kandokando ya njia, akaniuliza, “Papa, chumvi iko wapi?” Nikanyamaza. Akapekua mfuko, akaliona kopo, akalishika kitambo, kisha akalirudisha ndani bila kusema neno. Heri angenipiga. Tulikula maharagwe yasiyo na chumvi siku zote za njiani, isipokuwa pale tulipopewa na wenyeji wenye huruma.

Lakini aibu yangu si chumvi. Siku ya pili dada yetu alishindwa kutembea, akalia bila kukoma. Na kilio cha mtoto katika msafara wa wakimbizi ni hatari, kwa maana humjulisha adui njia waliyopita. Watu walitutazama vibaya, wengine wakatuambia twende mbali nao. Mtoto alikuwa akilia kwa neno moja: alimtaka Askofu. Mimi nikakataa. Nilimwambia kwamba atamvunja. Nilikataa asubuhi, nikakataa mchana, hata siku ya tatu Mama aliponiambia kwa sauti ndogo, “Papa, mpe mtoto,” ndipo nikatoa.

Mtoto akanyamaza. Alimshika Askofu kifuani mwake akalala mgongoni kwa yaya. Alipomwangusha karibu na Beni, mkono wa kulia ulivunjika pale begani, nasi hatukuuona tena majanini. Je, nilifanya nini? Nilikasirika. Tulikuwa tumefika salama, wazima, sote wanne, nami nikakataa kusema na mtoto wa miaka minne kwa siku mbili kwa sababu ya mkono wa plastiki.

Thamani ya Kisichoguswa

Miaka ikapita. Tulirudi Bunia, nikasoma, nikawa mwalimu. Kwa mshahara wa kwanza nilinunua viatu, na kwa senti zilizobaki nilimnunua sokoni mtu wa plastiki mwenye kinyago cha popo, yaani Batman, aliyekuwa katika lundo la vitu vya kuchezea vilivyokwisha tumika ng'ambo. Tangu hapo sikuacha. Wachuuzi wananijua, kitu cha namna hiyo kikitokea robotani huniwekea, na bei hupanda kidogo wanionapo.

Ndipo nikaanza kusoma habari za watu wakusanyao vitu hivi katika nchi nyingine, nikaona kwamba siko peke yangu katika homa hii. Superman alitungwa na vijana wawili wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster. Mwaka 1938 waliuza haki ya shujaa wao kwa dola 130 tu, na mwezi wa Juni mwaka huo akatokea katika toleo la kwanza la gazeti la Action Comics, lililouzwa kwa senti kumi. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 nakala moja ya toleo lile iliuzwa mnadani kwa dola milioni sita. Kwa nini bei kubwa hivyo? Kwa sababu karibu zote zimepotea. Watoto walizisoma zikachanika, mama zao wakazitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi zilikusanywa kwa ajili ya vita. Inakadiriwa kwamba zimesalia nakala kama 100 tu. Mchwa wa Kisangani walikuwa na ndugu kila mahali.

Lakini liko jambo lililonishangaza kuliko bei. Wakusanyaji wakubwa hawapendi kitu kilichochezewa. Wanachotafuta ni mwanasesere ambaye hajatolewa katika sanduku lake, ambaye hakuna mtoto aliyemgusa. Kampuni ya Mego ya New York ilianza mwaka 1972 kuuza mashujaa wa urefu wa sentimeta ishirini waliovaa nguo za kitambaa. Leo yule ambaye sanduku lake halijafunguliwa humpita kwa bei mwenzake aliyepata kupendwa. Tena Noeli ya mwaka 1977, kampuni ya Kenner haikuwa tayari na watu wa plastiki wa filamu ya Star Wars, kwa hiyo iliwauzia wazazi bahasha ya karatasi ngumu yenye hati ya ahadi, na vitu vyenyewe vikaja kwa posta mwaka 1978. Watoto wale walipata sanduku lisilo na mtu. Sisi wa Bunia tulipata mtu asiye na sanduku.

Hata hivyo nilivutwa na desturi yao. Nikanunua kioo, nikamwita fundi seremala, nikapata kabati lenye kufuli.

Nisiwanyime wasomaji maarifa niliyoyapata, maana huenda wengine wana vitu vya utotoni mwao darini. Tazama chini ya nyayo au mgongoni mwa kitu: mara nyingi utaona mwaka na jina la nchi. Nchi ni ile kilikotengenezwa, lakini mwaka ni ule wa kuandikisha haki ya umbo hilo, na kitu chenyewe chaweza kuwa kimetengenezwa miaka mingi baadaye. Usidanganyike na mchuuzi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Usitumie petroli kamwe, huondoa rangi. Jua hufifisha rangi nyekundu upesi. Plastiki laini ikianza kunata mkononi, ujue kwamba dawa iliyotiwa ili kuilainisha inatoka nje. Itenge na nyingine. Karatasi ya magazeti ya bei rahisi hugeuka manjano kwa asidi iliyomo ndani yake. Iweke pakavu, gizani, juu ya rafu, wala si sakafuni, kwa sababu za mchwa zilizokwisha kutajwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakujua plastiki.

Mlango wa Kioo

Mwaka jana mwanangu wa miaka mitano alisimama mbele ya kabati akaomba ampate Askofu kidogo tu. Nikamwambia, “Hapana, utamvunja.” Niliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, nilijua nilikwisha kuyasema mahali fulani, lakini nikaufunga mlango nikatia ufunguo mfukoni.

Juma lile lile mwanafunzi mmoja alikuja kwangu na daftari. Ni mmoja wa watoto waliokuja Bunia na wazazi wao wakikimbia vita vilivyowaka upya upande wa Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017. Nyumba yao ilikuwa turubai. Aliliona kabati, akatazama kwa makini, wala hakuomba kitu. Siku ya tatu akarudi na mtu aliyemtengeneza mwenyewe: mwili wa waya, kichwa cha kifuniko cha soda, na joho la kipande cha turubai la buluu. Magoti yake yalikunjika vizuri kuliko ya mashujaa wangu wote. Nikamwuliza anaitwa nani. Akasema, “Ni mlinzi wa usiku, Mwalimu. Analala mlangoni kwetu.” Nikataka kumnunua, nilitaja bei nzuri. Mtoto akatikisa kichwa. “Na usiku wa leo je, Mwalimu, nani atalinda?”

Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, kuna jumba la makumbusho la michezo ya watoto, na humo huheshimiwa vitu bora vya kuchezea vya nyakati zote. Mwaka 2005 walitia katika heshima hiyo sanduku tupu la karatasi ngumu, na mwaka 2008 wakatia kijiti. Niliposoma habari hizo hapo kwanza nilicheka. Baada ya kumwona mlinzi wa usiku sikucheka tena. Shujaa si plastiki wala waya. Shujaa ni kazi ambayo mtoto amempa. Akiondolewa kazini, hata bei yake iwe dola milioni sita, amestaafu.

Jumapili iliyofuata dada yetu alikuja kututembelea. Sasa naye ni mama wa watoto wawili. Alisimama mbele ya kioo, akamwona Askofu mwenye mkono mmoja amesimamishwa katikati, juu ya kitambaa cheupe. “Yaya,” akaniambia, “kumbe umemfunga?” Sikuwa na jibu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2003 nilimwomba msamaha kwa zile siku mbili za njiani, na kwa zile mbili za Beni. Yeye hakukumbuka hata moja. Alikumbuka tu kwamba alikuwa na kitu kigumu kifuani, na kwamba kwa sababu hiyo hakuogopa.

Mama, aliyekuwa akichambua mboga kibarazani, alisikia yote. Nikaona ni vema nimalize, nikamwambia, “Mama, na ile chumvi, nisamehe.” Mama hakuinua macho. “Chumvi tuliomba kwa watu, tukapewa,” akasema. “Mtu wa kumnyamazisha mtoto tungemwomba kwa nani?” Kisha, kwa kuwa ni Mama, akaongeza: “Lakini ungemtoa siku ya kwanza.”

Ndugu wasomaji, sikuvunja kabati. Bado nakusanya, na mchuuzi akiniita nitakwenda, maana naona si vibaya mtu kutunza ushahidi wa utoto wake, hasa katika nchi ambayo watoto wengi hukatiziwa utoto katikati. Magazeti ya Baba yangekuwapo leo, ningewaonyesha wanafunzi wangu kwamba Kongo ilichora mashujaa wake wenyewe kabla sijazaliwa. Karatasi zina haki ya kukaa gizani. Lakini ufunguo nimeuacha mlangoni. Kila Jumamosi baada ya chakula watoto wangu na wa jirani hufungua, huchagua, huchukua. Sheria ni moja: kitu kirudi jioni, kizima au kilichovunjika, na aliyekivunja asimulie ilikuwaje. Hadithi hizo naziandika katika daftari, na daftari limekwisha kuwa nene kuliko mkusanyo wenyewe.

Mwezi uliopita Askofu alipoteza mguu katika vita dhidi ya mamba wa mfereji. Nilisikitika, sitawadanganya. Nilikwenda mferejini kuutafuta mguu ule kwa tochi, nisiuone. Niliporudi, mwanangu alikuwa amekwisha kumfungia kijiti mahali pa mguu, naye Askofu alikuwa amesimama.